Mama Mizani Anyoosha Meno

Mama Mizani alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne siku daktari alipomwambia kwamba meno yake hayaumwi, yamebanana tu.

Alikuwa amekwenda pale kwa sababu ya kidonda. Chonge lake la juu, upande wa kushoto, lilikosa nafasi tangu utotoni likaamua kusimama nje ya mstari, na kila alipokula kwa haraka lilimtoboa mdomo kwa ndani, palepale, mwaka baada ya mwaka. Safari hii kidonda kilikuwa kimegoma kupona. Alipanda kwenye kile kiti kirefu, akapanua mdomo, akasema kwa ishara kwamba ling'olewe, yaishe.

"Nikiling'oa hili, haya mengine yataendelea kusukumana," daktari akasema. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. "Dawa yake ni kuyapanga."

"Kuyapanga? Mimi?"

"Wewe, mama."

"Si mambo ya watoto wa shule hayo?"

"Meno hayaulizi cheti cha kuzaliwa," daktari akasema, kisha akaongeza ili kutenda haki, "ila kwa mtu mzima yanachukua muda zaidi, na yanagharimu zaidi."

Jina la Mama Mizani alipewa na wafanyabiashara. Alikuwa mkaguzi katika kitengo cha vipimo cha halmashauri ya jiji. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani na sokoni na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuhakikisha kwamba kilo ya mtu ni kilo kweli. Akionekana mwanzo wa soko, habari zilimtangulia, na mizani nyingi zilizokuwa zikiugua zilipona ghafla. Hakuwa mkali wa maneno. Alikuwa haongei sana, na hacheki. Watu walidhani ni ukali wa kazi. Ukweli ni kwamba akiwa darasa la nne mpiga picha wa shule alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe wa huko nyuma, funga mdomo, unaniharibia picha," naye akaufunga. Tangu hapo alicheka na kiganja usoni. Hata kwenye picha ya harusi yake amebana midomo kama mtu aliyeficha pipi.

Pale mapokezi binti mmoja mwenye kucha ndefu alimtandikia karatasi tatu mezani. Vyuma vya kawaida, mshahara wake wa miezi mitano. Vyuma vya rangi ya jino, miezi saba. Ya tatu ilikuwa ya plastiki isiyoonekana, na binti akashusha sauti kama anayetoa taarifa ya msiba. Miezi kumi na mmoja.

"Hii haionekani kabisa," akasema.

"Yaani nilipe miezi kumi na mmoja kwa kitu kisichoonekana?"

"Ndiyo uzuri wake."

Mama Mizani alichagua vyuma vya kawaida, kisha akafanya kile alichozoea kufanya kila anapouziwa kitu kwenye mfuko uliofungwa. Aliomba aandikiwe kilichomo ndani. Binti akaandika, kwa kusitasita. Picha za mifupa. Vyuma na waya. Marekebisho ya kila mwezi. Mwisho kabisa palikuwa na mstari uliosomeka "maandalizi ya tabasamu", na bei yake haikuwa ndogo.

"Haya maandalizi ya tabasamu ni nini?"

Binti akamtazama daktari, aliyekuwa amewafuata hapo, na daktari akatazama kompyuta.

"Ni ushauri," binti akasema.

"Ushauri wa nini?"

"Wa namna ya kutabasamu, meno yakishanyooka."

"Futa. Hiyo nitajifunza mwenyewe."

Ikafutwa, na bei ikateremka hadi miezi minne na kidogo. Mama Mizani akaikunja karatasi akaitia mkobani. Pesa alikuwa nazo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiweka pembeni posho za safari za ukaguzi katika akaunti ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Hakuwahi kujua anaiwekea nini. Aliposhuka ngazi za jengo lile alikuwa amejua, na alikuwa akitembea mbio kama mtu aliyeiba.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu mpole, mnene wa mikono, mwenye gari dogo la kubebea mitungi ya gesi na vifaa vyake. Mama Mizani alimweleza jioni, wakiwa mezani. Mume akaweka kijiko chini.

"Kwa ajili ya nani?" akauliza.

"Kwa ajili ya mdomo wangu."

"Mimi nilikuoa na meno hayohayo, na sikulalamika."

"Na mimi niliolewa na mtu mwenye nywele. Ziko wapi?"

Binti yao, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alipaliwa na maji. Mume akajipapasa upara, akasema kwamba nywele ziliondoka zenyewe, hakuzilipia nauli. Kesho yake asubuhi mume alikuwa ameshampigia simu kaka yake mkubwa.

Kaka yake huyo ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kumchagua. Alikuwa tu na kipaji cha kufika kwenye matatizo ya watu kabla ya wenyewe, na kalamu mfukoni. Yeye mwenyewe alikuwa anajenga nyumba kwa mwaka wa tisa. Kuta zilishasimama, paa ndilo lililokuwa halijapatikana, na kila senti iliyopita karibu na ukoo aliitazama kwa jicho la mtu anayenyeshewa.

Kikao kilifanyika Jumapili mchana, sebuleni kwa mama mkwe. Walikuwepo mama mkwe mwenyewe kwenye kochi lake la pembeni, Mwenyekiti, mume, wifi mmoja ambaye ni mwalimu, Mama Mizani, na binti aliyeletwa abebe vikombe.

"Ajenda ni moja," Mwenyekiti akafungua. "Meno."

Akaeleza kwamba hakuna anayempinga shemeji yake, kwamba ukoo unampenda, ila pesa ni pesa. Alikuwa amefanya hesabu. Meno yale yalikuwa sawa na bati mia moja na arobaini za geji nzito, pamoja na misumari yake. Wifi naye akasema yeye kwa hesabu yake yalikuwa karo ya mwaka mzima na nusu, na sare juu. Mume, alipoulizwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba pesa ile ingetosha kununua mashine ya kujazia gesi ambayo amekuwa akiiazima kwa watu tangu afungue karakana.

Mama Mizani alikaa akisikiliza meno yake yakigeuka bati, yakigeuka sare za shule, yakigeuka mashine. Jambo lililomshangaza ni kwamba asubuhi ile ile alipopiga mswaki yalikuwa bado meno.

"Mbona mwaka juzi mlipobadilisha injini ya gari hatukukaa kikao?" akauliza.

"Gari linaingiza, shemeji," Mwenyekiti akasema. "Mdomo unatoa tu."

Wakacheka wote. Mama Mizani naye kicheko kikamtoka, na mkono ukapanda usoni wenyewe.

"Lakini meno ya mama yapo kwenye mdomo wa mama," binti akasema kutoka mlangoni.

Akaambiwa akaangalie chai.

Hapo ndipo mama mkwe, ambaye alikuwa hajasema neno tangu kikao kianze, akainua kidole. "Hivi mwanangu," akasema, akimtazama mkamwana wake, "miaka ishirini na miwili umo kwenye nyumba hii. Huwa unaficha nini hapo kila ukicheka?"

Mama Mizani akaona aibu, kisha akaona hasira, kisha akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya kochi la mama mkwe na kufunua mdomo. Bibi yule akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha kama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Hili linakuchoma."

"Linanitoboa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaolewa."

Mama mkwe akamtazama mwanawe, fundi friji, kwa muda mrefu. Fundi friji akatazama zulia.

Mwenyekiti akakohoa. Aliona kikao kinataka kumponyoka, akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kufuatilia jambo hilo, itakayokwenda kwa daktari kujiridhisha kama si utapeli. Alidhani amejinunulia miezi kadhaa ya kuchelewesha. Mama mkwe akasema, "Kamati ni mimi. Tunakwenda Jumanne."

Jumanne walikwenda. Mama mkwe alivaa viatu vyake vizuri, akaketi mbele ya daktari na mkoba juu ya magoti, akamhoji kama karani wa mahakama. Yatasogea vipi? Polepole, kwa kuvutwa. Mtu wa umri huu mfupa wake utakubali? Utakubali, fizi zikiwa nzima. Je, kuna hatari? Ipo, mizizi inaweza kufupika kidogo, na meno yakiachwa bila kushikiliwa hurudi yalikotoka.

"Asipofanya, atakufa?"

"Hapana."

"Na akifanya?"

"Hatakufa pia. Ila atakula bila kujing'ata, na atayasafisha yote, hata yale ambayo mswaki haufiki sasa. Na atacheka akitaka. Hilo la mwisho siwezi kumwekea dhamana."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akasimama, akampa mkamwana wake mkoba amshikie, akajipandisha mwenyewe kwenye kile kiti kirefu.

"Haya," akasema. "Niangalie na mimi."

Alikuwa amebakiwa na meno matatu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitafunia upande mmoja na kumeza mengine mazimamazima, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekuwa anajua.

Jumapili iliyofuata kikao kilikutana tena kupokea taarifa. Mwenyekiti alikuwa na daftari jipya.

"Taarifa ni fupi," mama mkwe akasema. "Huyu aendelee, pesa ni zake. Na mimi nimepimwa. Nawekewa meno ya bandia, juu na chini. Bili nimeagiza iandikwe jina la mwanangu mkubwa."

Mwenyekiti alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mama, lakini paa..."

"Paa limesubiri miaka tisa, halina njaa. Mimi nina njaa." Akamgeukia mjukuu wake. "Leta chai, kikao kimekwisha."

Vyuma vilifungwa siku ya Jumatatu. Hadi Jumatano Mama Mizani alikuwa amejuta mara kadhaa. Kichwa kizima kilimvuta, meno yalikuwa kama yamekopwa kwa mtu mwingine, na hata ndizi laini ilimtoa machozi. Aliishi kwa uji na viazi vya kuponda. Maneno nayo yalikataa kutoka sawasawa. "Samahani" ilitoka "thamahani", na kuna siku alimwambia mwenye duka amwonyeshe "mithani yake" mara tatu kabla hajaeleweka.

Soko lilifurahi. Muuza sukari mmoja alimpokea kwa mikono miwili. "Mama Mizani! Naona umefungwa antena. Unashika stesheni ngapi?"

"Nashika moja tu," akajibu. "Ya watu wanaoweka jiwe chini ya sahani."

Muuza misumari, ambaye Mama Mizani alishamtoza faini mara mbili, naye hakuiacha nafasi ipite. "Leo hata wewe unanyooshwa!" akapaza sauti ili majirani wasikie.

"Mimi nalipa ninyooshwe," Mama Mizani akasema, akiinama kwenye mizani yake. "Wewe nakunyoosha bure. Jiwe hili limepungua gramu themanini. Lete kitabu."

Majirani wakapiga makofi. Mama Mizani akaandika, akagonga muhuri, na alipoondoka pale akagundua kwamba kwa asubuhi nzima amezungumza zaidi kuliko alivyozungumza sokoni kwa mwaka. Mikono yote miwili ilikuwa imebeba sanduku la mawe, hakuna uliobaki wa kufunika mdomo, na watu walishaviona vyuma tayari. Kulikuwa na nini tena cha kuficha?

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mume alikuwa ameanza kuangalia. Mkewe akipaka mafuta ya mdomo, mume anaangalia. Akichelewa dakika ishirini, mume anaangalia saa. Siku moja akashindwa kujizuia.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Yupo. Ana miaka ishirini na tisa, na kila mwezi namfunulia mdomo naye ananikaza nyaya. Ni mwanamke. Nikupe namba yake?"

Mume akaenda kukagua friji ambayo haikuwa na tatizo.

Mwezi wa tano tangu vyuma vifungwe, siku ya Jumapili, waya uliteleza nyuma ya gego ukachomoza ncha, ukamchoma shavu. Kliniki ilikuwa imefungwa. Alijaribu kuuzuia kwa pamba, ukaipenya. Kufikia saa sita shavu lilikuwa limevimba na alikuwa akitema damu kwenye sinki la jikoni. Mume alisimama mlangoni, akaondoka, akarudi na mfuko wake wa kazi. Akatoa ile plaizi ndogo kabisa anayokatia nyaya za ndani ya friji, akaichemsha kwenye sufuria, akaiosha kwa spiriti. Akavuta kiti karibu na dirisha.

"Kaa hapa. Binti, shika tochi."

Mikono ile iliyobeba mitungi ya gesi kama mito ya kulalia ikaishika plaizi kwa ncha za vidole. Akainama, akatafuta ncha, akasema "usimeze mate", akakata. Kipande kikaangukia kwenye kitambaa. Lakini hakuinuka. Alibaki ameinama, anaangalia ndani, na tochi ikimulika.

"Vipi?" Mama Mizani akauliza kwa shida, mdomo ukiwa bado wazi.

"Kuna makovu hapa. Mengi. Moja juu ya jingine."

"Nilikwambia linanitoboa."

"Ulimwambia mama," mume akasema. "Mimi sikuwahi kuuliza." Akavuta pumzi. "Haya mambo ya nani yupo, nani hayupo... nisamehe. Nilikuwa mjinga."

Binti akazima tochi, akajifanya anatafuta mahali pa kuiweka. Tangu siku hiyo viazi vya kuponda alivipika fundi friji mwenyewe. Alivipika vibaya, vina madonge, na Mama Mizani alivila vyote.

Vyuma viliondolewa baada ya miezi ishirini na sita. Alikuwa ameahidiwa ishirini na minne, na kwa sheria ya kazi yake upungufu wa namna hiyo angemtoza mtu faini, lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kudai. Alikuwa akipitisha ulimi kwenye meno yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na yalikuwa yakiteleza kama kauri.

Kisha daktari akampa kijisanduku chenye kibamba cha plastiki laini, chenye umbo la meno yake. "Hiki utavaa kila unapolala, yasirudi."

"Kwa muda gani?"

"Maisha."

"Hilo halikuwa kwenye karatasi."

"Lilikuwepo," binti wa mapokezi akasema, akaigeuza karatasi. Kwa nyuma, chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, lilikuwepo. Na kibamba kikipasuka, kingine kinauzwa. Mama Mizani, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kusoma maandishi madogo ya wenzake, alikubali kwamba safari hii amepunjwa na mjuzi.

Jambo ambalo hakulitarajia ni lililofuata. Hakuna aliyeona.

Pale ofisini karani wa masijala alimtazama sana, akamuuliza kama amekonda. Mwingine akamsifia miwani mipya, ilhali miwani ilikuwa ileile. Muuza sukari alimwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba alipendeza zaidi na antena. Mwenyekiti, alipokuja kumsalimia mama yake, aliombwa atazame, akatazama kwa makini kama mtu aliyepewa noti kubwa, akasema, "Shemeji, sitaki kukuvunja moyo, ila mimi sioni tofauti." Mama mkwe, aliyekuwa akitafuna karanga kwa meno yake mapya kwa mlio uliosikika sebule nzima, akamwambia atoke kwenye mwanga.

Mama Mizani alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo. Miezi minne na kidogo ya mshahara. Miezi ishirini na sita ya uji. Vikao viwili vya ukoo. Na dunia ilikuwa imeendelea na shughuli zake. Akachukua kipande cha mkate mkavu, akang'ata, akatafuna haraka haraka kama mtu anayekimbia basi, akasubiri kuchomwa. Hakuchomwa. Akala mkate mzima, amesimama.

Wiki chache baadaye halmashauri ikapata mkurugenzi mpya, aliyetoka kwenye semina. Alirudi nayo yote. Siku ya tatu ukatoka waraka wenye kichwa "Tabasamu ni Huduma", ulioagiza kila mtumishi anayekutana na mteja amwonyeshe meno yasiyopungua manane. Watumishi wote wakaitwa ukumbini kufafanuliwa. Viti vilikuwa vya plastiki, mkurugenzi akaja na kipaza sauti cha kubana sikioni, anatembea huku na huku.

"Hakuna mteja mbaya," akasema. "Narudia, hakuna. Hebu wakaguzi wa mizani wasimame." Mama Mizani na wenzake watano wakasimama. "Ninyi mnasemwa mna sura ngumu. Sasa, kuanzia leo, hata unapomkamata mwizi na mizani yake ya wizi mkononi, unatabasamu. Mwizi naye ni mteja wetu!"

Mama Mizani akamwona muuza misumari akilini, na gramu themanini zake, anatabasamiwa. Kicheko kikaanzia tumboni. Miaka yote iliyopita angekishika kwa kiganja kikafia pale. Safari hii mkono haukuinuka kabisa, ulisahau, na kicheko kikatoka chote, kikubwa, cha sauti nzito ambayo mwenyewe hakujua anayo, kikagonga ukuta wa mwisho wa ukumbi kikarudi. Mkaguzi wa pembeni yake akaambukizwa. Safu ya tatu ikafuata. Dakika moja baadaye ukumbi mzima ulikuwa umeinamia magoti, na mkurugenzi amesimama na kipaza sauti chake sikioni, anatabasamu kwa mujibu wa waraka, jasho likimtoka.

Barua ya onyo ilifika Alhamisi. Ilimtuhumu kwa "kucheka kupita kiasi mbele ya uongozi na kuonyesha meno kwa namna isiyo ya staha". Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu yenye watu watatu, afisa utumishi, mwanasheria na mhasibu.

"Unakubali kwamba ulionyesha meno?" afisa utumishi akauliza.

"Nakubali."

"Mangapi?"

"Sikuyahesabu. Waraka unataka yasipungue manane. Haukuweka kikomo cha juu."

Mwanasheria akaomba waraka, akausoma mbele na nyuma. Ni kweli, kikomo hakikuwepo.

"Waheshimiwa," Mama Mizani akasema, "nimefanya kazi ya vipimo miaka kumi na tisa. Nimeshtaki watu wengi kwa kupunguza. Sijawahi kumwona mtu ameshtakiwa kwa kuzidisha."

Mhasibu akainamisha kichwa kwenye jalada, mabega yakimtikisika. Mwanasheria akasema, kwa uso mkavu, kwamba kwa kuwa mtumishi ametekeleza agizo kwa kiwango kinachozidi kilichowekwa, itakuwa vigumu kumwadhibu bila kuuadhibu waraka. Wakaandika kwamba onyo limefutwa. Lakini mkurugenzi hakuwa mtu wa kushindwa hivihivi. Mwisho wa mwezi akamhamisha Mama Mizani kutoka sokoni hadi kitengo cha vituo vya mafuta, pembeni kabisa mwa jiji, ambako watu walipelekwa wasahauliwe. Sababu iliyoandikwa ni kwamba anafaa zaidi kufanya kazi na mashine.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye pampu sita na maua ya plastiki. Alishuka na ndoo yake ya chuma ya kupimia, ya lita ishirini, akajaza kutoka pampu ya kwanza, akasoma alama shingoni mwa ndoo. Pungufu. Akajaza kutoka ya pili. Pungufu. Zote sita zilikula karibu nusu lita katika kila lita ishirini. Meneja alimletea soda baridi na kiti, akamwambia kwamba wao ni watu wa kuelewana. Mama Mizani akamshukuru kwa kiti, akaiacha soda, akaanza kufunga pampu moja baada ya nyingine kwa waya na kipande cha madini ya risasi chenye muhuri. Kazi ilimchukua hadi saa kumi jioni.

Mumewe alikuja kumchukua na lile gari la mitungi. Akaegesha kando, akashuka, akatazama zile pampu zilizofungwa na ule msururu wa magari yanayogeuza kurudi.

"Umewafungia?"

"Pampu zote sita. Wanapunja nusu lita kwa kila ishirini. Fundi wao amekiri, ni miaka mitano sasa."

Mume akabaki ameshika mlango wa gari. Akakitazama kituo, akalitazama gari, akakitazama kituo tena.

"Hapa ndipo ninapojaza," akasema. "Kila Jumatatu na kila Ijumaa. Nilisema ni bei nzuri."

Mama Mizani alijaribu kujizuia kwa heshima ya ndoa, ikashindikana. Alicheka hadi akaegemea bodi ya gari, mitungi ikagongana. Mume akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kuhesabu kwa sauti: lita arobaini, mara mbili kwa wiki, mara wiki hamsini na mbili. Akakosea, akafuta, akaanza upya. Alipofika mwaka wa tatu mkewe alishachukua ufunguo mkononi mwake na kuketi kwenye usukani, machozi yakimtiririka, anamwambia apande upande wa pili, ahesabu huku wanakwenda.